UPOLE UNAOFUNGUA MZINGA

Neno kuu: 1 Samweli 25:2–38
Masomo ya kusaidia: Mithali 15:1, Mithali 25:28, Yakobo 1:19–20



Tunawasalimu ninyi mlioko hapa Kampala, kuanzia Katwe na Nsambya hadi Kansanga, Makindye na Najjanankumbi. Tunawasalimu pia ninyi mnaopokea jarida hili mkiwa Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja, Kyangwali na Bidi Bidi. Tunamshukuru Mungu aliyetutunza mpaka siku ya leo. Kabla hujaendelea, tunakuomba uchukue Biblia yako na kuisoma sura ya 25 ya Samweli wa Kwanza. Kama nyumbani kuna mtoto anayejua kusoma vizuri, mpe yeye asome kwa sauti na wengine wasikilize.

Mwezi huu tutajifunza kwa nyuki. Msishangae. Biblia inawajua nyuki. Samsoni aliikuta asali ndani ya mzoga wa simba. Mtunga Zaburi aliwafananisha adui waliomzunguka na kundi la nyuki. Mwamuzi Debora, mama aliyewaamua Israeli, jina lake kwa Kiebrania maana yake ni nyuki. Na Sulemani aliyafananisha maneno mazuri na sega la asali.

Hapa Uganda asali inajulikana sana upande wa West Nile, kule Arua, Yumbe na Moyo. Huko wakimbizi na wenyeji wamefundishwa pamoja kufuga nyuki. Kila anayefundishwa kazi hiyo hukutana na jambo moja mapema kabisa, kabla ya kufikiri habari za soko: namna ya kuufungua mzinga na kuukagua bila kuwaghadhibisha waliomo. Maana nyuki wetu wa Afrika ni wepesi wa kujitetea kuliko nyuki wa Ulaya, na mzinga wenye nguvu una nyuki makumi ya maelfu. Ukiufungua vibaya utaumia wewe, ataumia mbuzi aliyefungwa karibu, ataumia na jirani asiyehusika.

Wapendwa, nyumba zetu nyingi ni mizinga iliyoguswa vibaya. Kwa hiyo tujifunze kwa wafugaji wa nyuki, na tujifunze kwa Abigaili, mwanamke ambaye siku moja aliwatuliza watu mia nne wenye panga.

1. NYUKI ANA KITU ANACHOLINDA

Mlangoni mwa mzinga kuna nyuki walinzi. Hawamchukii mtu. Ndani kuna majana, yaani watoto wao, kuna chakula chao cha miezi, kuna malkia. Nao wana adui wengi. Siafu huja, nyegere huja, na tangu zamani watu wamekuja na mienge ya moto, wakawachoma nyuki na kuchukua kila kitu. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba ndiyo sababu nyuki wa Afrika wamekuwa wakali: wale wasiojitetea hawakubaki hai.

Sasa mtazame Daudi katika sura yetu. Wakati huo hakuwa mfalme. Alikuwa mkimbizi jangwani, akimkimbia Sauli. Rudi nyuma usome 1 Samweli 22:2 uone waliokuwa pamoja naye: watu waliobanwa na maisha, watu wanaodaiwa, watu waliojaa machungu. Je, hatuwajui watu hao? Tunakaa nao uani. Pengine ni sisi wenyewe.

Daudi na watu wake walikuwa wamewalinda wachungaji wa tajiri Nabali usiku na mchana, bila kuiba hata kondoo mmoja. Sikukuu ya kukata manyoya ilipofika, Daudi akatuma vijana kumi waombe chakula kwa heshima. Nabali alikuwa na kondoo elfu tatu na mbuzi elfu moja, lakini alijifanya hamjui Daudi ni nani. Tena akamweka katika hesabu ya watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Kunyimwa mkate kunauma. Kuambiwa wewe si mtu, wewe ni mtoro tu, kunauma zaidi.

Jina baya halimtulizi mtu. Hata nyuki wa Afrika wameonja hilo. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil aitwaye Warwick Kerr alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akawapeleka kwao. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka kwenye mizinga, yakazaana na nyuki wa kule na kuenea nchi nyingi za Amerika. Magazeti yakawaita nyuki wauaji. Ni kweli kwamba watu waliumizwa na wengine walikufa, na wafugaji wengi waliacha kazi. Lakini wengine walikubali kujifunza upya. Waliiweka mizinga mbali na nyumba, wakatumia bomba kubwa zaidi la moshi, wakabadilisha mavazi na mwendo wao. Leo Brazil ni miongoni mwa nchi zinazouza asali nyingi duniani, na asali hiyo inatoka kwa nyuki wale wale waliopewa jina baya.

Kwa hiyo ndugu yako akiwaka kwa sababu ya zamu ya maji au ufunguo wa choo, usikimbilie kuuliza ana pepo gani. Uliza analinda nini. Labda analinda heshima ya mwisho aliyobaki nayo baada ya kupoteza shamba, nyumba na ndugu. Hatusemi hasira yake ni haki. Yakobo ametuonya wazi kwamba hasira ya mwanadamu haiizai haki anayoitaka Mungu. Tunasema kwamba asiyejua nyuki analinda nini hawezi kumtuliza.

2. HASIRA INA HARUFU

Nyuki akimchoma mtu, mwiba hubaki kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na nyuki huyo hufa. Lakini habari haijaisha. Pale penye mwiba hutoka harufu inayowaita wengine waje wachome hapo hapo. Mwaka 1962 wataalamu waliitambua dawa iliyomo ndani ya harufu hiyo. Inanukia kama ndizi iliyoiva sana, kama bogoya. Ndiyo maana wafugaji huonywa wasile ndizi mbivu wanapokwenda kufungua mzinga. Nyuki akisagwa kwa kidole, harufu hiyo hiyo hutoka. Basi mwiba mmoja huita kumi, na kumi huita mia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Daudi. Neno la dharau la Nabali lilipomfikia, aliwaambia watu wake wajifunge panga. Kila mmoja akajifunga. Mia nne wakaondoka kwa ajili ya neno la mtu mmoja, wakikusudia kwamba kufikia asubuhi hakuna mwanamume atakayebaki hai katika nyumba ile. Wachungaji ambao Daudi mwenyewe aliwalinda nao wangekufa. Harufu ya hasira haichagui.

Angalia nyumbani. Baba ametembea mjini tangu asubuhi akitafuta kibarua, anarudi mikono mitupu. Anamtupia mama neno moja. Mama aliyeshinda juani akitembeza vitenge analichukua neno lile na kumpa mtoto mkubwa. Mkubwa anampiga mdogo. Mdogo anakwenda kumsukuma mtoto wa jirani. Saa mbili usiku ua mzima umesimama, mwenye nyumba ameitwa, na hakuna anayekumbuka jambo lilianzia wapi.

Tena kuna harufu inayotufikia kwa simu. Tangu Goma ilipotekwa mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari mwaka huo huo, simu zetu zimepokea picha na sauti za kutisha. Nyingine ni za kweli, nyingine ni za zamani, nyingine zimetungwa. Mtu anasikiliza sauti moja usiku, Jumapili asubuhi anaingia kanisani na kumwangalia kwa jicho jingine ndugu aliyeshiriki naye meza ya Bwana. Amemhesabu kwa kabila lake na kwa lugha ya mama yake. Huyo ndugu naye amekimbia vita hiyo hiyo. Naye ana kaburi aliloliacha bila kuaga.

Mfugaji akichomwa hufanya nini? Hapigi mikono hewani, maana nyuki huvutwa na kitu kinachorukaruka. Hukwangua mwiba mara moja kwa ukucha, maana karibu sumu yote huingia ndani ya nusu dakika. Hupuliza moshi mahali pale ili kuifunika harufu. Akiona wamezidi, hufunga mzinga na kuondoka taratibu. Basi na sisi tufanye hivyo. Ukipokea sauti ya chuki, usiipeleke kwa mwingine. Ikomee kwako. Kuwalilia waliokufa ni haki, na kuwaombea walio hatarini ni wajibu. Kumpelekea mwenzako sumu iliyoingia kwako si haki wala si wajibu.

3. MOSHI KIDOGO, TENA USIO NA MOTO

Mfugaji haendi kwenye mzinga bila bomba la moshi. Hulijaza magunzi makavu, majani makavu au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Kwanza hupuliza moshi kwenye mkono wake mwenyewe aone kama unachoma. Akiridhika hupuliza mara mbili tatu mlangoni, kisha husubiri dakika moja au mbili kabla ya kugusa kitu.

Moshi hufanya kazi mbili. Ya kwanza, huzifanya pembe za nyuki zisiisikie vizuri ile harufu ya vita. Ya pili, nyuki wakisikia moshi hudhani moto wa msitu umekuja. Wanakimbilia masega, wanajaza matumbo asali, tayari kwa safari. Wafugaji wa tangu zamani husema nyuki aliyeshiba hana haraka ya kuchoma.

Wapendwa, sisi tunamwelewa nyuki huyo. Tunajua maana ya kusikia moshi na kubeba kile mkono unachokiwahi: sufuria, unga kidogo, mtoto mgongoni, cheti cha shule ndani ya mfuko wa plastiki.

Abigaili alijua siri hii. Mtumishi alipomweleza yaliyotokea, hakuanza na hotuba. Alianza na chakula. Alipakia punda mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kutayarishwa, bisi, zabibu kavu na mikate ya tini. Akatanguliza chakula mbele, yeye akafuata nyuma. Mtu aliyetukanwa akiwa na njaa haiwezi kusikia mahubiri. Ndiyo maana Yakobo anawakemea wanaomwaga mwenye njaa kwa salamu ya amani huku hawampi kitu. Wakati mwingine sahani ya posho na maharage, ikipelekwa kimya kimya kwa jirani mliyekosana naye, hufungua mlango ambao vikao vitatu vya wazee vilishindwa kuufungua.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Moshi ukiwa mwingi, au ukiwa na cheche, huunguza mabawa na kuzidisha ghasia. Nyuki wetu wa Afrika wakisumbuliwa kupita kiasi huhama kundi zima. Unarudi kesho unakuta masega matupu. Hivyo ndivyo wanavyohama watu kanisani. Mama aliyepatwa na mabaya njiani anakuja kwetu akitetemeka, nasi tunampulizia moto: tunamwambia hana imani, hajasamehe, ana laana ya ukoo. Tunadhani tumemhudumia. Jumapili inayofuata kiti chake ni kitupu. Maombi yetu yapande mbele za Mungu kama uvumba, kama inavyosema Zaburi ya 141. Uvumba haumuunguzi mgonjwa.

Tukumbuke pia kwamba nguvu ya moshi haidumu. Baada ya dakika kumi au ishirini nyuki huanza tena kuisikia ile harufu. Mfugaji hakasiriki kwa hilo. Hupuliza tena kidogo. Mtu aliyeombewa leo akalala vizuri, kesho akaamka na hofu ile ile, hajarudi nyuma katika wokovu. Anahitaji kuombewa tena, na kama kuna mhudumu wa afya au mshauri anayeweza kumsaidia, apelekwe bila aibu.

4. CHAGUA SAA YA KUFUNGUA

Mzinga haufunguliwi saa yoyote. Jua kali la mchana si wakati mzuri. Mvua ikikaribia, radi ikinguruma au upepo ukivuma kwa nguvu, mfugaji mwenye akili hukaa nyumbani. Kwa nyuki wetu saa nzuri ni alasiri kuelekea jioni, kama saa kumi na moja, ili giza likiingia wapate usiku mzima wa kutulia. Na mfugaji hujiangalia mwenyewe: haendi amelewa, haendi akinuka jasho au manukato makali. Huvaa nguo za rangi nyeupe au nyeupe nyeupe, maana rangi nyeusi huwachokoza. Hata pumzi yake huielekeza pembeni, kwa sababu nyuki wakipumuliwa usoni hujua adui amefika.

Msome Abigaili tena katika mstari wa 36. Alirudi nyumbani akamkuta Nabali katikati ya karamu, amelewa sana. Alikuwa na habari nzito ya kumwambia, lakini hakumwambia kitu mpaka asubuhi, divai ilipomtoka. Mwanamke huyo alijua saa.

Mambo ya kodi ya nyumba hayafai kuzungumzwa usiku wa manane watoto wakisikiliza katika chumba kile kile. Habari ya msiba haipelekwi kwa mtu aliyesimama kwenye foleni ya vitambulisho tangu alfajiri. Mtoto aliyeshindwa mtihani aulizwe baada ya kula. Na wewe unayekwenda kuzungumza, jichunguze umebeba harufu gani. Kama bado unatetemeka kwa hasira, wewe ndiwe hali mbaya ya hewa. Ngoja.

5. FUNGUA KIDOGO, KISHA FUNGA

Mfugaji hasimami mbele ya mlango wa mzinga, maana hiyo ni njia ya wenye nyumba. Husimama nyuma au ubavuni. Hagongi, hatupi vyombo. Katika ule mzinga wa miti ya juu uliotengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, masega yananing'inia kwenye vipande vya mti vyenye upana wa milimita 32. Ukiinua kimoja, vingine vinabaki vimefunika. Unaangalia sega moja, unalirudisha mahali pake, ndipo unagusa jingine. Ndani ya dakika kumi au kumi na tano umemaliza na kufunika.

Mtu aliyepitia vita naye ana masega ndani. Usiyavunje yote kwa siku moja ili uone kuna nini. Wapo wanaotaka mgeni aeleze kila kitu mbele ya watu, nani aliuawa, nani alibakwa, ilikuwaje, kisha wanasema asante kwa ushuhuda na kwenda kunywa chai. Wamefungua mzinga na kuuacha wazi mvuani. Keti ubavuni kwake. Uliza neno moja. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema kidogo, pokea hicho kidogo, mwombee, mfunike, umrudishe nyumbani akiwa mzima.

Yuko mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, aliyezaliwa mwaka 1810. Mwaka 1851 alitambua kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ndogo kati ya sega na ukuta, karibu milimita 6 hadi 9, hawaizibi kwa gundi wala hawajengi humo. Wanapita tu kwa amani. Kwa sababu ya nafasi hiyo aliweza kutengeneza mzinga wenye fremu zinazoinuliwa bila kuvunja kitu, na mpaka leo mizinga ya namna hiyo inatumika dunia nzima, hata hapa Uganda. Mtumishi huyo aliteswa miaka mingi na giza la moyo lililomlaza kitandani na kumnyima nguvu ya kuhubiri. Mungu hakumtupa. Mwaka 1895, akiwa mzee, alikata roho ndani ya kanisa kule Dayton, Ohio, alipokuwa ameanza kuhubiri.

Ile nafasi ndogo ni somo kwetu tunaoishi watu saba katika chumba kimoja. Kila mmoja aachiwe milimita zake: pazia kwa binti aliyekua, nusu saa ya kimya kwa baba, mkeka wa bibi ambao hauguswi, daftari la kijana ambalo halisomwi bila ruhusa. Penye nafasi hiyo watu hupita bila kugongana.

6. MPOLE HUVAA WAVU

Asije mtu akasema kwamba upole ni kukubali kuchomwa. Mfugaji mpole kuliko wote bado huvaa kofia yenye wavu, glovu na buti. Hajionei aibu.

Abigaili hakunyamaza akingoja nyumba iangamie. Hakuomba ruhusa kwa Nabali, ambaye watumishi wake mwenyewe walisema hasemezeki. Alichukua hatua. Na alipofika mbele ya Daudi alimwambia ukweli: kwamba siku atakapokuwa mtawala, damu aliyoimwaga kwa kujilipizia kisasi ingekuwa mzigo moyoni mwake. Aliusema akiwa ameshuka juu ya punda na kuinama, lakini aliusema wote. Daudi akamshukuru Mungu kwa ajili yake, akarudisha upanga.

Kwa hiyo mama, dada, mtoto, hatukuambii ukae kimya ukipigwa. Hatukuambii kuwa kipigo ni msalaba wako. Vaa wavu. Nenda kwa jirani, kwa wazee wa kanisa, kwa mwenyekiti wa LC 1, polisi, hospitali. Na wewe baba unayepiga, usitumie neno la Mungu kama fimbo. Sulemani anasema mtu asiyeitawala roho yake ni kama mji uliobomolewa kuta. Ninyi mliokimbia miji iliyobomolewa mnajua mji wa namna hiyo ulivyo.

HITIMISHO

Bwana wetu Yesu ndiye mwenye mikono mipole kuliko wote. Isaya alitabiri habari zake kwamba unyasi uliopondeka hataumalizia, wala utambi unaofifia hatauzima. Waangalie wale wawili wa njia ya Emau katika Luka 24. Walikuwa wakiuacha mji wenye msiba, mioyo imevunjika. Yesu hakuwasimamia mbele na kuwafokea kwanza. Alitembea ubavuni mwao. Aliwauliza wanazungumza nini. Aliwaacha waseme mpaka mwisho. Ndipo akawaeleza Maandiko, ndipo akaketi nao mezani akamega mkate, na macho yao yakafumbuka.

Mpendwa, hatuwezi kuirudisha leo miji tuliyoiacha. Hatuwezi kuzifunga bunduki kwa mikono yetu. Lakini chumba unachoishi, uani unapofulia, benchi unaloketi Jumapili, hapo unaweza kuwa mtu ambaye mwiba hukomea kwake. Asali haiko mbali na nyuki wakali. Iko ndani ya mzinga ule ule.

KWA WALIO NA MIZINGA

Wekeni mizinga mbali na nyumba, shule, visima na njia za watu. Msiende peke yenu kukagua. Wafungeni wanyama mbali. Aliyechomwa akivimba uso, akitokwa na vipele mwili mzima au akishindwa kupumua, apelekwe hospitali wakati huo huo, msingoje. Na hapa Kampala, kundi la nyuki likitua darini au mtini, msiwarushie mawe wala kuwachoma kwa mafuta ya taa. Waondoeni watoto, mwambieni mwenyekiti wa mtaa, aitwe mtu anayeijua kazi hiyo. Mara nyingi kundi linalosafiri hupumzika tu, kisha huendelea na safari yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba yetu, harufu ya hasira huanzia wapi mara nyingi, na huishia kwa nani?
2. Ni nani tuliyempa jina baya? Tunaweza kumwita jina gani jema wiki hii?
3. Ni jambo gani tunalolizungumza saa isiyofaa? Tuchague saa nyingine.
4. Ni nani tuliyemfungua moyo wake tukamwacha wazi? Tutamtembeleaje?

SALA

Ee Bwana Mungu wetu, wewe uliyekuwa pamoja na Daudi jangwani, uko pamoja nasi ugenini. Unajua tulichokimbia na tulichobakiza. Tupe mikono ya Abigaili na saburi ya mfugaji wa nyuki. Chuki iliyotufikia, tusiipeleke kwa mwingine. Wafunike waliofunguliwa vibaya. Walinde walioko Goma, Bukavu, Ituri na Uvira, na kila mahali ambapo watu wanalala na viatu miguuni. Utupe amani katika vyumba vyetu kwanza, ili tuwe na kitu cha kuwapelekea wengine. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.